Nyimbo Zilizovuka Jukwaa

Mwezi Oktoba 1976, waigizaji wa Kenya waliokuwa wakijiandaa kwenda Lagos kwenye FESTAC, tamasha kubwa la sanaa za watu weusi, waliomba Ukumbi wa Taifa wa Maigizo jijini Nairobi. Walikuwa na tamthilia mbili: Betrayal in the City ya Francis Imbuga, na The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo. Wakaambiwa nafasi ni finyu. Ukumbi ulikuwa umeshawekwa kwa ajili ya baleti kutoka Ufaransa na mchezo wa kuchekesha wa Kimarekani. Baada ya mabishano marefu, kila tamthilia ikapata siku 4.

Usiku wa kwanza wa tamthilia ya Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, wimbo wa mwisho haukukoma jukwaani. Waigizaji walishuka wakiimba na kucheza, wakapita katikati ya viti, na watazamaji wakajiunga nao. Msafara ukatoka mlangoni, ngoma ikaendelea nje, mkabala na hoteli ya Norfolk. Ni eneo lile lile ambalo tarehe 16 Machi 1922 umati uliokuja kudai Harry Thuku, mpinzani wa ukoloni, aachiliwe ulipigwa risasi, na Mary Muthoni Nyanjiru akawa miongoni mwa waliouawa. Mauaji yale nayo yalizaa wimbo, Kanyegenyũri, ulioimbwa Ukikuyuni kote. Na mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipiga marufuku wimbo mwingine wenye kuchezwa, Muthirigu, kwa kuwa uliwakejeli wamisheni na machifu waziwazi. Kwa hiyo kuuogopa wimbo lilikuwa jambo la zamani Kenya, hata kabla ya tamthilia za aina hii kuzaliwa.

Historia ya tamthilia Afrika Mashariki imeandikwa kwa kufuata vitabu: nani aliandika, nani alichapa, mwaka gani kikaingia shuleni. Muziki umeachwa nyuma kwa sababu haukuchapwa. Mwanafunzi anayesoma tamthilia ya miaka ya 1970 hukuta maelekezo mafupi kwenye mabano, kwamba hapa wanaimba, au hapa ngoma inalia, kisha mazungumzo yanaendelea. Jukwaani maneno hayo mawili matatu yangeweza kuchukua robo saa, na mara nyingi ndiyo yaliyomtoa mtazamaji nyumbani kwake.

Kumbi zenyewe hazikujengwa kwa ajili hiyo. Ule wa Nairobi ulifunguliwa 1952, mwaka ilipotangazwa hali ya hatari. Wa Kampala ukafuata 1959. Kwa muda mrefu zilitawaliwa na michezo iliyotoka London, yenye sebule ya Kiingereza jukwaani na wahusika wanaokunywa chai. Muziki wake ulikuwa piano pembeni au santuri, nao ulijaza muda wakati mandhari yakibadilishwa.

Nje ya kumbi hizo, igizo na muziki vilikuwa havijawahi kutengana. Mfano mzuri ni beni, iliyoanza pwani ya Kenya katika miaka ya 1890. Vikundi shindani viliiga jeshi la Wazungu, kwa sare, vyeo, gwaride, tarumbeta na ngoma kubwa, na askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia wakaieneza bara hadi Tanganyika na Nyasaland. Beni haikuwa na kitabu, lakini ilikuwa na wahusika, mavazi, dhihaka na ubishi wa kumshinda mwenzio. Misheni nazo zilikuwa na michezo ya Krismasi, ambamo Yosefu na Mariamu walisema maneno machache na kwaya ikafanya kazi iliyobaki. Watunzi wa baada ya uhuru walichota huko kote.

Kampala ndiko mambo yalikoiva mapema. Mwaka 1964 Joseph Kyagambiddwa, mtunzi wa Kiganda, alisikika Roma kwa oratorio yake ya mashahidi wa Uganda, wakati Papa Paulo VI alipowatangaza kuwa watakatifu. Kazi ile ilionyesha kwamba muziki mrefu wa sauti nyingi unaweza kutungwa kwa Kiganda, kwa mwendo wa Kiganda. Jambo hilo si dogo. Kiganda ni lugha ya toni: neno likipandishwa pasipostahili linapotosha maana, au linabaki sauti tupu isiyo neno. Tenzi nyingi za kanisani zilipachika maneno ya Kiganda juu ya tuni za Kiingereza, na waumini wakazoea kuimba vitu ambavyo masikio yao yalijua vimepinda. Mtunzi anayeandikia jukwaa hana anasa hiyo. Mtazamaji asiposhika neno mara moja, kisa kimempita.

Kazi hiyo ndiyo aliyoifanya Wassanyi Serukenya, mtunzi wa muziki aliyeshirikiana na mwandishi na mwongozaji Byron Kawadwa. Wawili hao walitengeneza tamthilia za kuimbwa zilizopendwa sana, zikiwemo Makula ga Kulabako na Oluyimba lwa Wankoko, yaani Wimbo wa Jogoo. Hii ya pili, ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilizungumzia utawala na uroho wa madaraka kwa mafumbo ya ikulu.

Kwa Waganda wa wakati ule, sauti ya ikulu ilikuwa kidonda kibichi. Mei 1966 jeshi la serikali ya Obote lilishambulia jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda, na mwaka uliofuata falme zikafutwa. Wanamuziki wa ikulu, waliorithishana kazi kwa vizazi, walijikuta hawana pa kupigia. Kulikuwa na waliopata hifadhi: Evaristo Muyinda, mpigaji aliyelelewa katika muziki wa Kabaka, alikuwa akifundisha na kupiga katika Makumbusho ya Uganda. Ala mojawapo aliyoisambaza ni amadinda, marimba ya mbao 12 inayopigwa na watu watatu. Wawili hukaa wakitazamana na kupokezana mapigo, kila mmoja akijaza nafasi anayoiacha mwenzake, na wa tatu huokota sauti za chini na kuzipiga juu kwenye mbao mbili za mwisho. Anayesikiliza hawezi kusema nani amepiga nini. Umma uliokulia katika muziki kama huo haukuwa na shida kuelewa fumbo lililofichwa katika wimbo wa jukwaani.

Januari 1977 Kawadwa alilipeleka kundi lake Lagos, kwenye FESTAC ile ile iliyowapokea Wakenya na Kimathi wao. Tamasha lilidumu hadi Februari 12. Muda mfupi baada ya kurudi Kampala, watu wa usalama wa Rais Idi Amin walimchukua Kawadwa, aliyekuwa akiongoza shughuli za sanaa za Ukumbi wa Taifa, na wakamuua.

Robert Serumaga, naye wa Kampala hiyo hiyo, alichagua njia nyingine. Alisoma uchumi Dublin, akarudi na kuanzisha Theatre Limited, kisha kundi la Abafumi. Tamthilia yake ya Renga Moi, iliyochukua kisa cha Kiacholi cha shujaa aliyebanwa kati ya miiko ya watoto wake pacha na vita vya kukiokoa kijiji, ilichanganya lugha kadhaa za Uganda, na sehemu kubwa yake ilibebwa na ngoma, nyimbo na miili ya waigizaji. Iliyofuata, Amayirikiti, ilikaribia kuacha maneno kabisa. Katika nchi ambayo sentensi moja ingeweza kumpeleka mtu kaburini, kuimba bila maneno kulikuwa na faida zake. Abafumi walizunguka dunia. Amin alipoangushwa 1979 Serumaga aliingia serikalini kwa kipindi kifupi, na mwaka 1980 akafariki Nairobi.

Ila kisa kinachofundisha zaidi namna muziki wa tamthilia unavyotungwa kiko Limuru, katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ. Kijiji chenyewe kilitokana na hali ya hatari ya miaka ya 1950, serikali ilipowakusanya watu pamoja ili isiwe rahisi kuwalisha wapiganaji wa Mau Mau. Miaka 20 baadaye wakazi wake wengi walikuwa vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata, na watu wasio na kazi. Kituo chao cha elimu na utamaduni kilianza na elimu ya watu wazima. Kisha Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakaombwa waandike tamthilia. Wakaleta Ngaahika Ndeenda, Nitaolewa Nikipenda, kwa Kikuyu.

Muswada ulisomwa hadharani, na wenye kijiji wakaanza kuusahihisha. Wazee walikataa maneno ya vijana yaliyowekwa vinywani mwa wazee. Kwenye nyimbo walikuwa wakali zaidi, maana wengi walikuwa wameziimba wenyewe, arusini, makanisani, mashambani na msituni. Waandishi, wote wawili watu wa chuo kikuu, wakageuka wanafunzi. Sehemu ya arusi inayoimbwa kwa gĩtiiro, uimbaji wa kujibizana wa wanawake wa pande mbili za maharusi, waliipata kwa mwanamke wa kijijini asiyejua kusoma wala kuandika, ambaye aliwatajia maneno wakaandika. Jina lake halikuwa kwenye jalada la kitabu kilichochapwa 1980. Katika tamthilia nzima, hakuna aliyestahili zaidi kuitwa mtunzi wa muziki.

Nyimbo zile zilibeba hoja. Kisa kinamhusu Kĩgũũnda, kibarua mwenye ekari moja na nusu, na tajiri Ahab Kĩoi anayeitaka ardhi hiyo kwa ajili ya kiwanda. Kĩoi na wenzake wanakuja na dini mkononi, wakiwashawishi Kĩgũũnda na mkewe wafunge ndoa ya kanisani ambayo hawana uwezo wa kuigharamia. Basi jukwaani tenzi za waumini zinakutana na wimbo wa mlevi anayepita njia, na nyimbo za harakati zinakutana na tenzi. Mtazamaji aliyekulia Limuru aliijua kila tuni imetoka wapi na inatumiwa na nani. Hakuhitaji mhusika wa kumweleza upande upi ni upi.

Uwanja waliujenga wenyewe. Vijana walianza na kielelezo cha njiti za kiberiti, kisha kikainuka kiwanja cha wazi cha kukaa watu wasiopungua 2,000, chenye jukwaa la nusu duara. Mwongozaji alikuwa Kĩmani Gecaũ. Mazoezi yalifanyika hadharani, kila mtu akitazama, na hii ilikuwa na matokeo ambayo ukumbi wa kawaida hauyapati: siku ya kufungua, sehemu kubwa ya watazamaji ilishazijua nyimbo. Tofauti kati ya kwaya na hadhira ilikuwa ya mahali pa kukaa tu.

Ngaahika Ndeenda ilifunguliwa Jumapili, Oktoba 2, 1977. Watu walikuja kwa mabasi na matatu kutoka mbali. Tarehe 16 Novemba serikali ikafuta leseni. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akakaa kizuizini katika gereza la Kamĩtĩ hadi Desemba 1978 bila kufikishwa mahakamani.

Kwa kazi iliyofuata kundi liliongeza dozi. Maitũ Njugĩra, Mama Niimbie, ilirudi kwenye enzi za kipande na kazi za kulazimishwa chini ya ukoloni, na mazungumzo yake yalikuwa machache. Iliendeshwa na nyimbo, ngoma na maigizo bubu, na nyimbo hizo zilichukuliwa kutoka jamii mbalimbali za Kenya, si Wakikuyu peke yao. Huo ulikuwa uamuzi wa kisiasa na pia wa kimuziki. Mtu wa Limuru alilazimika kujifunza kuimba kwa lugha asiyoijua, kwa mapigo ambayo mguu wake haukuyazoea, na Mkenya wa kabila lolote aliyeingia ukumbini angesikia kitu chake.

Ilipangwa kufunguliwa Ukumbi wa Taifa, Februari 19, 1982. Leseni haikutolewa, na siku hiyo waigizaji walikuta milango imefungwa na polisi wakizunguka. Wakahamia Chuo Kikuu cha Nairobi na kuendelea na kilichoitwa mazoezi. Kwa kuwa mazoezi hayahitaji leseni, watu waliendelea kuja. Walikaa kwenye ngazi, wakasimama madirishani, wakajazana hadi kwenye chumba cha mitambo ya taa. Vijiji vingine vilikodi mabasi. Hadi mazoezi hayo nayo yanakatazwa, zaidi ya watu 10,000 walikuwa wameiona tamthilia ambayo rasmi haikuwahi kuchezwa. Machi 11 kituo cha Kamĩrĩĩthũ kilifutiwa usajili. Kesho yake malori matatu ya polisi wenye silaha yalifika kijijini na uwanja ukabomolewa.

Ngũgĩ wa Mĩriĩ na Gecaũ walikimbilia Zimbabwe, nchi iliyokuwa na uhuru wa miaka miwili tu, na huko wakaendeleza michezo ya kijamii. The Trial of Dedan Kimathi ikachezwa kwa Kishona. Ngũgĩ wa Thiong'o naye aliishi uhamishoni. Mei 2022, miaka 45 baada ya kufungiwa, Ngaahika Ndeenda ilichezwa Ukumbi wa Taifa wa Nairobi, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza. Kwa Maitũ Njugĩra jambo hilo ni zito zaidi. Kazi iliyojengwa juu ya kuimba ni ngumu kuirudisha kwa kusoma karatasi, hasa pale wengi wa waliokuwa wakiiimba wamezeeka au wametangulia.

Tanzania ilikuwa na mkasa wa aina nyingine: huko serikali ndiyo iliyoutaka muziki. Desemba 1962, katika hotuba yake ya kwanza kama Rais, Nyerere alilalamika kwamba vijana walifundishwa kucheza dansi za Wazungu wakasahau ngoma za kwao, akatangaza wizara ya utamaduni. Likafuata Kundi la Ngoma la Taifa, baadaye la sarakasi, na katika miaka ya 1970 la maigizo. Baada ya Azimio la Arusha ikaenea ngonjera ya Mathias Mnyampala, mashairi ya kujibizana yaliyoigizwa shuleni na kwenye mikutano, mwanafunzi mmoja akiwa mjinga wa siasa na mwingine akimwelimisha hadi akubali. Nyingi zilichosha. Ila ziliizoesha nchi nzima kuona hoja ikijengwa kwa mizani na vina mbele ya watu.

Makundi ya taifa yalivunjwa na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kikaanza Bagamoyo. Kanuni yake ilikuwa ya busara: anayekuja kusomea uigizaji atajifunza pia ngoma, na mpiga ngoma atajifunza jukwaa. Miongoni mwa walimu alikuwa Hukwe Zawose, Mgogo aliyezaliwa 1938, fundi wa zeze na ilimba, mwenye sauti iliyopanda hadi mahali ambapo wanaume wengi huachia wanawake. Wagogo huimba kwa sauti kadhaa zinazopishana, na kijana wa kutoka Tanga au Mtwara aliyefika Bagamoyo alilazimika kuzoeza sikio upya. Zawose alizunguka dunia na muziki wake, akafariki Desemba 2003.

Kazi ya mpiga ngoma wa tamthilia ina mambo yake ambayo mpiga ngoma wa arusi hayajui. Kwanza ni ngozi. Kabla ya onyesho ngoma hupashwa moto ili ngozi ikaze, na kwenye uwanja wa wazi karibu na bahari, kama Bagamoyo, unyevu wa jioni huilegeza tena kabla onyesho halijafika katikati. Lazima mtu afuatilie moto nyuma ya jukwaa. Pili ni kujizuia. Arusini ngoma inayozidi kupamba moto ni sifa, jukwaani mpigaji anayemfunika mwigizaji anaharibu kazi ya wote wawili. Anakaa mahali anapoweza kuona miguu na mabega ya waigizaji, kwa sababu hana karatasi ya noti. Alama yake ya kuingia ni hatua ya mtu, kuinuka kwa mkono, au neno la mwisho la sentensi. Mwigizaji akisahau maneno, ngoma inaongezewa mzunguko mmoja hadi akumbuke, na mtazamaji hajui kitu. Hayo hayafundishiki kitabuni.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chenye idara ya sanaa za maonyesho tangu 1967, kilikuja na jaribio la tofauti. Penina Muhando Mlama na wenzake walienda vijijini, Malya huko Mwanza na baadaye Msoga, bila muswada. Wanakijiji walijadili matatizo yao, kisha wakayatengenezea maigizo kwa ngoma na nyimbo zao wenyewe. Mtunzi wa muziki akawa yeyote aliyesifika kijijini kwa kutunga, na maneno yalibadilishwa kila mara mjadala ulipobadilika.

Mjini Dar es Salaam biashara ikapindua mambo juu chini. Katika miaka ya 1980 vikundi kama Muungano cha Norbert Chenga vilikuwa vikijaza kumbi za baa mwishoni mwa wiki kwa onyesho la saa nyingi: ngoma, sarakasi, kwaya, kichekesho, taarab, na igizo. Mwaka 1992 likaja kundi la TOT la Kapteni John Komba, mkono wa chama tawala, CCM, kwenye uwanja wa burudani. Hapa tamthilia haikuwa tena na muziki. Muziki ndio uliokuwa na tamthilia, kisehemu cha nusu saa katikati ya usiku mrefu. Kisha taarab ya mipasho ikafagia kila kitu. Ushindani wa Muungano na TOT ukawa ushindani wa waimbaji, na Khadija Kopa alipohama upande mmoja kwenda wa pili, mji mzima ulijua. Tunzo zilienda kwa mwimbaji, jukwaani, mkononi. Mwigizaji wa igizo alitazama tu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 waigizaji wakapata pa kwenda. Televisheni binafsi zilikuwa zimefika, na Kaole Sanaa Group wakawa wanaonekana ITV kila wiki, mtaa mzima ukikusanyika kwenye nyumba yenye seti. Watunzi wa visa walihamia huko, na waigizaji pia. Wapiga ngoma hawakuhitajika: muziki wa michezo hiyo ulitoka kwenye kaseti, na baadaye kwenye kompyuta.